Pua ya Baba Mkwe

Watoto wa mtaa walimwita Sista Kijiti, na wakimwona tu anakatiza uwanja wa mpira na sare yake nyeupe, kila mmoja aliziba pua kwa vidole viwili na kutimua mbio. Mwenyewe alikwisha kulizoea jina. Msimu wa baridi ulipoingia na watu wakaanza kukohoa, kazi yake hospitalini ilikuwa hiyohiyo: kuchukua kijiti chembamba chenye pamba nchani, kukiingiza puani mwa mgonjwa mpaka kulekule nyuma ambako pua inakutana na koo, kukizungusha, kukitoa, na kukitumbukiza ndani ya kichupa chenye dawa. Vichupa vilipangwa katika sanduku la barafu vikapelekwa maabara kuu ya kanda, ambako hospitali za nchi kadhaa jirani zilipeleka vya kwao pia. Huko ndiko walikotazama ni mafua gani yanazunguka mwaka huo, na kama kuna mgeni ameingia bila kupiga hodi. Kwa hiyo chafya ya mtaani kwao ilikuwa na safari ndefu kuliko mwenye pua alivyodhani.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mpimaji hachagui. Wanaotangulia kufika asubuhi na homa na kikohozi ndio hao hao wanaopimwa, awe mtu mkubwa au mchimba mitaro. Ya pili ilikuwa ya machozi. Mwalimu aliyewafundisha alikuwa akisema, "Machozi ndiyo risiti. Mgonjwa asipotoa machozi, ujue mmechukua kamasi za sebuleni, na mdudu mnayemtafuta amelala chumbani." Sista Kijiti alikuwa maarufu kwa risiti zake. Wanaume wenye misuli walitoka chumbani kwake wakijipangusa macho na kudai ni vumbi.

Basi asubuhi moja alifungua mlango wa chumba chake, akamkuta baba mkwe wake ameketi mwanzo kabisa wa benchi.

Mzee alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazini, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na anatetemeka ndani yake. Hakuwa amemwambia mtu nyumbani kwamba anaumwa. Kuugua aliona ni jambo la watu wasio na ratiba. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo mpaka akastaafu: kuzunguka masokoni na madukani na mawe yake ya shaba, kuangalia kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Sifa yake kubwa, ambayo wengine waliihesabu kuwa laana, ni kwamba aliwahi kulifungia duka kaka yake wa tumbo moja kwa sababu ya jiwe lililopungua. Kaka alinuna miaka na miaka. Mzee alisema neno moja tu, "Kipimo ni kipimo," na hakulirudia wala kulitengua.

"Shikamoo, baba," Sista alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

"Marahaba, mkwe. Nimewahi namba."

Amewahi namba! Sista aliangalia huku na huku kumtafuta mwenzake wanayeshirikiana kazi, kisha akakumbuka kuwa yuko likizo ya uzazi. Alitazama benchi. Sheria ilikuwa wazi, na mzee alikuwa wa kwanza, ana homa, anakohoa. Hakuna pa kukimbilia.

Sasa tuseme ukweli. Tangu aolewe, Sista Kijiti hakuwahi kumtazama mzee huyu usoni kwa muda unaozidi salamu. Walikaa kiwanja kimoja, wazee nyumba ya mbele, yeye na mumewe na watoto nyumba ya nyuma, na hata hivyo akimpelekea chai aliiweka mezani na kuondoka na macho yake chini. Leo amwambie mzee huyo huyo ainue kichwa, amshike kidevu, amchome puani mpaka alie? Mkono uliokuwa ukiwaliza wabeba mizigo ukawa laini kama unamfuta vumbi mtoto mchanga. Kijiti kiliingia kidogo, kikazunguka kidogo, kikatoka. Macho ya mzee yalibaki makavu.

"Kwisha?" mzee aliuliza.

"Kwisha, baba."

"Una mkono mwepesi, mkwe. Watu wanakusingizia."

Siku nzima alitembea juu juu. Jioni alimsimulia mumewe, fundi wa majokofu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusikia baba yake akimsifu kiumbe mwenye miguu miwili. Mume alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Baba amesema hivyo? Basi mama watoto, hiyo itie fremu."

Siku kadhaa baadaye, Sista akiwa anapanga vichupa, simu ililia. Alikuwa Daktari, mkuu wa maabara ya kanda, mama mmoja wa maneno machache ambaye hakuwa na desturi ya kupiga simu kusalimia.

"Sista, kile kichupa cha mzee aliyekuwa wa kwanza siku ile," Daktari alisema. "Mafua ya aina A yapo, tumeyaona. Lakini tukiuliza ni A ipi, mashine haijibu. Siyo ya msimu huu, siyo ya msimu uliopita. Hatujui ni nini."

Sista alivuta kiti akakaa. Alijua vizuri maana ya maneno hayo, maana alifundishwa hayo kila mwaka: A isiyojulikana inaweza kuwa imetoka kwa ndege. Na mafua yakitoka kwa ndege yakajifunza kukaa kwa watu, hiyo si habari ya mtaa tena.

"Huyo mzee anafuga ndege wowote?" Daktari aliuliza.

"Anafuga kuku."

"Wazima?"

"Watatu wamekufa wiki hii."

"Mbona unamjua sana?"

"Ni baba mkwe wangu, Daktari. Tunakaa kiwanja kimoja."

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Daktari alisema analazimika kuwaarifu wenzake wa kanda nzima hata kabla ya kuwa na uhakika, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana: afadhali kengele ya bure kuliko kimya cha msiba. Watu wa mifugo watakuja kesho. Sheria yao kwa kuku wanaoshukiwa ni moja, kuwaua wote, wa kiwanja hicho na wa majirani. Familia ikae ndani, isitoke wala isipokee mgeni. Na Sista aende nyumbani sasa hivi, akae nao.

Alifika amevaa barakoa, akawakuta wazee barazani. Mzee alikuwa amejifunika blanketi, homa imepungua lakini kikohozi bado kinamkamata. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga. Sista alieleza kwa sauti ya kazini, ile sauti iliyonyooka, kwa sababu alijua akiiachia kidogo tu itakatika.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza. "Kuku wangu wote?"

"Kuku wangu," mzee akamsahihisha.

"Wakila mboga zangu ni wako, wakitaga ni wako, wakinyea baraza ni wangu!" Kisha mama huyo akashika mashavu yake kwa mikono miwili. "Mwanangu, na mume wangu je? Atapona?"

"Anaendelea vizuri, mama. Tunamwangalia."

Mzee aliinuka polepole, blanketi likiburuta chini, akaenda kusimama mbele ya banda. Kuku aliwapenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Chakula chao alikipima kwa mizani kila asubuhi, na mayai aliyapima pia pamoja na mjukuu wake wa mwisho, binti mdogo aliyemwita Karani. Alisimama pale muda mrefu, mkono umeshika wavu.

"Kama ndiyo sheria," alisema bila kugeuka, "basi ndiyo sheria."

Habari haina miguu lakini ilimaliza mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Jirani wa upande wa kushoto alifunga madirisha. Jirani wa upande wa kulia, ambaye naye alikuwa na kuku, alisimama nyuma ya ua akauliza kwa sauti kubwa kama ni kweli mkwe wa nyumba hiyo ndiye aliyewachongea wakwe zake. Mama mkwe alimjibu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba yeye kwa sasa ana kazi ya kuchambua mboga. Sista alisikia yote akiwa jikoni, akashukuru, na bado ikamchoma.

Jioni hiyo Karani alikohoa.

Mara ya kwanza Sista alijifanya hakusikia. Mara ya pili aliweka kiganja kwenye paji la mtoto, akakiondoa, akakiweka tena kama vile kiganja kinaweza kubadili mawazo. Lilikuwa la moto. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akiingia bandani kila asubuhi, akikumbatia kuku kifuani, akipuliza manyoya yao kwa kucheza. Mume alisimama mlangoni hana la kufanya na mikono yake. Sista alimpa mtoto dawa ya homa, akakaa kando ya kitanda chake.

Hapo ndipo alipokumbuka macho makavu ya mzee.

Alikumbuka kila kitu: kijiti kilipoishia, jinsi kilivyozunguka kwa adabu, ile "kwisha?" na ile "kwisha, baba". Hakukuwa na risiti. Alikuwa amechukua kamasi za sebuleni. Na kamasi za sebuleni huwa na wadudu wachache, wa kuiambia mashine kwamba hii ni A, lakini si wa kutosha kuiambia ni A ipi. Mashine haikushindwa kumjua mgeni. Pengine ilinyimwa sura yake tu, kwa sababu mpimaji alimwonea haya mwenye pua.

Pengine. Maana kuku watatu walikuwa wamekufa kweli, na mtoto alikuwa na homa kweli. Sista alikaa gizani akisali iwe ni mkono wake ulioharibu kazi. Hajapata kutokea mtu aliyeomba kwa moyo wote kwamba yeye ndiye mkosaji kama alivyoomba yeye jioni ile. Akiwa amekosea, watu wake wazima. Akiwa hakukosea, hakutaka hata kufikiri.

Alitoka nje akampigia Daktari, akasema yote bila kujipamba.

Daktari alivuta pumzi ndefu. "Sista, unajua leo nimewaamsha vigogo wangapi?"

"Najua, Daktari. Nisamehe."

"Samahani yako tutaizungumza siku nyingine. Kesho asubuhi gari la vichupa litapita kwako. Mpime mzee upya, na mtoto pia. Bwana mifugo nitamwomba apime kuku kwanza, asiue mpaka nimjibu. Lakini akikuta wengine wamekufa, sitakuwa na la kumzuia." Kisha akaongeza, "Na Sista, kesho huyo mzee si mkwe wako. Ni pua."

Kukiri kwa Daktari kulikuwa kugumu. Kukiri kwa mzee kulikuwa mlima. Asubuhi alipanga vijiti vyake barazani kwenye meza ndogo, akavipangua, akavipanga tena. Mzee aliketi kwenye kiti chake akimsubiri kwa utulivu. Sista akaamua kuanza na mtoto. Alijiambia ni kwa sababu mtoto akiona wengine ataogopa, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anajinunulia muda.

Karani alikaa mapajani kwa babu yake. Kijiti kiliingia mpaka mwisho, kikazunguka, na kilio alichotoa mtoto yule kilimfungulia jirani wa kushoto madirisha yake. Machozi yalimwagika mpaka kidevuni. Sista alimbusu, akatumbukiza kijiti kichupani, akageuka kuchukua kijiti cha pili.

Mzee alikuwa anamwangalia. Macho ya mkaguzi hayastaafu.

"Mkwe," alisema, "kijiti hicho ni kilekile ulichonipimia mimi?"

"Ni aina ileile, baba."

"Na kinatakiwa kufika huko huko?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona huyu amelia na mimi sikulia?"

Mama mkwe aliacha kufagia. Sista alisimama na kijiti mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akainua macho akamtazama baba mkwe wake usoni, macho kwa macho.

"Kwa sababu sikukifikisha, baba. Niliona haya. Nilikupima juu juu tu kwa sababu ni wewe. Ningekuwa nimekupima sawasawa, huenda yote haya yasingetokea. Nimelifunga geti lako, kuku wako wanangoja kuuawa, na sijui mpaka sasa kama ni ugonjwa au ni mkono wangu. Nisamehe, baba."

Mzee alimshusha mjukuu chini, akamwambia aende kwa bibi yake. Alipozungumza, sauti yake haikuwa kubwa.

"Umenipunja, mkwe."

"Ndiyo, baba."

"Mimi! Ambaye nimewafungia watu maduka kwa sababu ya punje za mchele." Akakohoa, akajifuta. "Unajua watu hudhani nilimfungia kaka yangu duka kwa kuwa sikumheshimu. Kaka alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Siku ile nilipomaliza kuandika, nilikwenda nyuma ya soko nikalia peke yangu. Lakini ningemwachia yeye, kesho ningemwambia nini mwingine?" Alivua koti lake. Hakuna aliyekumbuka lini alionekana mara ya mwisho bila koti hilo. Alilikunja akaliweka kwenye stuli. "Heshima iweke pale, juu ya koti. Ukimaliza utaichukua. Sasa nipimie."

Akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akashika mikono ya kiti.

Sista alimshika kidevu. Safari hii mkono ulikumbuka kazi yake. Kijiti kiliingia, kikaendelea kuingia, kikafika mahali ambapo mzee alifumbua macho yote mawili kama aliyeitwa na marehemu, kikazunguka huko bila haraka, kikatoka. Mzee alipiga teke ndoo ya maji. Akapiga chafya mfululizo. Kisha akatamka neno ambalo baba mkwe hapaswi kulitamka mbele ya mkwe wake, na ambalo hata mkewe alidai hakujua kuwa mumewe analijua.

Machozi yalimtiririka mashavuni na kuingia kwenye ndevu.

"Mkuki kwa nguruwe!" mama mkwe alisema, akishika mbavu. "Leo umepimwa, mpimaji!"

"Imetosha?" mzee aliuliza, akitafuta leso.

"Imetosha, baba. Risiti nimeiona," Sista alisema, akamweleza msemo wa mwalimu wake. Mzee alitikisa kichwa kukubali kwamba huo ni utaratibu mzuri.

Bwana mifugo alifika muda si mrefu, amevaa vazi jeupe la plastiki kutoka utosini mpaka miguuni, akaingia bandani kuwapima kuku. Hakukuta mwingine aliyekufa. Alichukua na mmoja wa wale watatu, ambaye mzee alikuwa amemzika kwa heshima zote nyuma ya nyumba, akaondoka akisema wasubiri. Gari la vichupa nalo likapita, likaondoka. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Mume alifungua jokofu la nyumbani lililokuwa zima, akalitengeneza mpaka likaacha kufanya kazi. Mama mkwe alipika chakula cha watu wa harusi. Mzee na Karani, wote wawili wakiwa na pua nyekundu, walikaa barazani wakicheza karata na kukohoa kwa zamu. Homa ya mtoto ilishuka, ikapanda kidogo, ikashuka.

Kila simu ilipolia Sista aliruka. Mara dada yake, mara kampuni ya simu, mara mtu aliyekosea namba na kutaka kujua kama gunia la mkaa limefika.

Hatimaye akapiga Daktari.

"Sista, uko wima au umekaa?"

"Niko wima."

"Basi kaa. Mafua ya msimu. Mzee na mtoto, mdudu yuleyule, wa kawaida kabisa, ambaye nusu ya kanda inamkohoa hivi sasa. Mashine imejibu papo hapo. Safari hii ulichimba."

Sista hakukaa, alidondoka tu akajikuta yuko chini, mgongo umeegemea ukuta wa jikoni, simu bado sikioni. Kila kitu alichokuwa amekishika kwa nguvu tangu siku ya ile simu ya kwanza kilimwachia kwa mpigo mmoja, akalia kwa sauti kama mtoto, na kulia kwenyewe kulikuwa kutamu. Watu wa nyumba nzima walikuja mbio. Mumewe alipomwona analia alidhani ni habari mbaya.

"Wazima," Sista alisema. "Ni mafua tu. Wazima wote!"

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wa pande zote mbili wakatoa vichwa. Mume alimnyanyua Karani akamrusha juu, mtoto akamkohoa usoni, na hakuna aliyejali. Mzee peke yake ndiye aliyebaki amesimama wima, anamtazama mkwe wake pale chini na mashavu yake yaliyolowa.

"Kumbe na wewe unatoa risiti," alisema, akamnyooshea mkono amwinue.

Bwana mifugo alirudi jioni, safari hii amevaa shati lake la kawaida. Kuku wote walikuwa salama. Wale watatu walikufa kwa kideri, ugonjwa wao wa siku zote ambao haumgusi mtu. Lakini alikuwa na swali. Mzee alisema aliwapa kuku wote matone ya chanjo, na kweli waliobaki wanaonekana walipata. Ilikuwaje hao watatu tu wakose?

Mzee alijikuna shingo. Aliangalia banda, akaangalia mawingu.

"Niliwapa wote," alisema.

"Wote wote?" mama mkwe akauliza, na kwa jinsi alivyouliza ilionekana jibu analo.

"Wale walikuwa vikongwe. Nimekaa nao miaka." Mzee alishusha sauti. "Walikuwa hawapendi kutiwa matone machoni. Wanapiga makelele, wanakutazama. Nikaona... nikawaonea huruma. Nikasema hawa niwaache."

Sista aliuma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli, akatazama vidole vyake vya miguu. Alikuwa mkwe, na mkwe hacheki.

"Uliwapunja!" Mama mkwe alipasuka. "Mkaguzi mzima, umewapunja kuku!"

Mume alicheka, bwana mifugo akacheka bila kujua hasa anacheka nini, na Sista mwishowe akashindwa, cheko likamtoka puani. Alijifunika mdomo na kuinua macho kwa hofu. Mzee alikuwa anamtazama yeye hasa, na ndevu zake zilikuwa zinatikisika. Alikuwa anacheka pia, kimyakimya, na macho yamemlowa kwa mara ya pili siku zile.

"Haya," alisema. "Tumekuwa wawili."

Maabara ya kanda ilituma taarifa yake kama kawaida: mafua ya msimu, hakuna jambo geni. Mistari miwili mitatu isiyo na mbwembwe, ambayo watu wa nchi kadhaa waliisoma wakapumua na kuendelea na kazi zao. Daktari alitimiza ahadi yake ya kuizungumza ile samahani, akaizungumza kwa muda mrefu, kisha akamtaka Sista awasimulie wapimaji wapya kisa hicho kila mwaka wanapofundishwa. Geti lilifunguliwa. Jirani wa kulia alikuja na mayai kuomba radhi, na mzee akayapima kabla ya kuyapokea.

Msimu uliofuata wa baridi ulimkuta yule mwenzake Sista amerudi kutoka likizo ya uzazi. Asubuhi moja alifungua mlango wa chumba cha kupimia, akamkuta mzee mmoja ameketi mwanzo kabisa wa benchi, anakohoa, koti limekwisha kukunjwa na kuwekwa pembeni.

"Karibu ndani, mzee wangu," mwenzake alisema kwa upole, maana alimtambua ni nani. "Shikamoo. Njoo mimi nikuhudumie, nitakwenda taratibu, wala hutasikia kitu."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe utaniheshimu," alisema. "Niitie mkwe wangu."